Natakiwa kufundisha Yeremia 29:11 na moyo wangu umegoma

Shikamoo mama mshauri, na Bwana asifiwe. Naomba usitoe jina langu maana kanisani kwetu watu wanaisoma sana safu yako na sitashangaa kama mchungaji mwenyewe huwa anaipitia.

Mimi ni mwanaume mwenye ndoa, kiongozi wa seli. Kila wiki watu wanakuja kwangu tunasoma neno, tunaombeana, wanarudi makwao. Niliokoka nikiwa kijana chini ya huyu huyu mchungaji tuliye naye, yeye ndo alinibatiza, yeye ndo alitufungisha ndoa, na baba yangu alipofariki alikuja akakaa na sisi mpaka mambo yote yakaisha. Nayasema haya mapema ili ujue simchukii na wala sitafuti kiti chake.

Shida ilianza nilipojiunga na masomo ya theolojia kwa masafa, nasoma usiku nikitoka kazini. Mwalimu wa hemenetiki (lile somo la jinsi ya kufasiri maandiko) kwa kweli alitufungua macho. Siku ya kwanza tu alisema andiko lina maana moja, ile ambayo mwandishi aliikusudia kwa wasomaji wake wa kwanza, basi, na mengine mengi tunayosikia mimbarini ni watu wanaingiza mambo yao halafu wanasema Mungu kasema. Toka hapo nikawa nayapitia kichwani mahubiri yote niliyowahi kusikia na kuyapigia makofi. Daudi na Goliathi, "majitu ya maisha yako". Bonde la mifupa mikavu, "biashara yako inafufuka leo". Yaani kila nikiligusa moja linaanguka.

Sasa kanisani kwetu kila mwaka tunakuwa na andiko la mwaka, na mwaka huu ni Yeremia 29:11, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Kuna bango kubwa nyuma ya madhabahu limeandikwa MAWAZO YA AMANI WALA SI YA MABAYA na chini yake MWAKA WANGU WA KUPOKEA. Ofisi imetuletea notsi za kufundishia kwenye seli, na somo la pili linataka kila mtu aandike mstari ule akiweka jina lake mwenyewe pale penye "ninyi", halafu asimame atamke kwa sauti kitu ambacho atakuwa amekipokea kabla mwaka haujaisha.

Mama, nimekaa na hiyo sura. Nimesoma yote ya 29, nikarudi ya 28, usingizi ukakata. Ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo, na anawaambia wajenge nyumba wapande bustani kwa sababu hawarudi leo wala kesho. Mstari wa 10, ule ambao haupo kwenye bango, unasema miaka sabini. Na kwenye sura ya 28 kuna nabii Hanania aliyewaambia watu kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitakuwa kimerudi, na watu lazima walimfurahia, na huyo ndiye aliyeambiwa Bwana hakumtuma. Nikaangalia notsi zetu nikaona kabisa tunamnukuu Yeremia ila tunahubiri Hanania.

Kama ingekuwa ni mimi na vitabu vyangu ningenyamaza. Lakini kwenye seli yangu kuna mume na mke waliooana miaka mingi hawajapata mtoto. Yule dada ameuandika huo mstari kwenye kikaratasi akakiweka ndani ya kava ya simu yake, ile ya kuonyesha, kwa hiyo kila akiilaza simu kifudifudi mezani wewe unausoma. Juzi akaniambia, kaka, mwaka huu ni wetu, mchungaji amesema hakuna atakayeufunga mwaka akiwa vile vile. Mume wake alikuwa anaangalia chini. Mi nikasema amina maana sikujua niseme nini.

Nilipomwambia mke wangu akasema nataka kuua imani za watu, tangu nianze hicho chuo nimekuwa mkavu, na kwamba andiko huua bali roho huhuisha. Mzee mmoja wa kanisa niliyemgusia kidogo tu naye akanirushia mstari huo huo. Na kwenye ukavu mke wangu hajadanganya. Zamani nilikuwa nafungua Zaburi naongea na Mungu mpaka nasahau saa. Siku hizi nafungua naanza kujiuliza hii ni ya kabla ya uhamisho au baada, ni maombolezo au sifa, nikimaliza daftari limejaa ila sijaomba.

Masomo ya seli yanaanza karibuni. Nifundishe notsi kama zilivyo huku moyo umegoma? Niwaambie watu sura inasema nini na liwalo na liwe? Nijiuzulu kimya kimya niseme kazi zimenibana? Na hili nauliza kwa hofu, mtu akishayajua haya anaweza tena kuisikia Biblia ikiongea na yeye?

Kiongozi wa seli asiyelala

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na Amina.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimeifungua Yeremia pembeni, na nianze kwa kukuambia kwamba hiyo sura umeisoma vizuri. Sikupi moyo tu hapa. Mstari wa 10 upo, Hanania yupo, na mtu aliyekuwa na umri wako siku barua ile ilipofika Babeli hakuwa na matumaini ya kuiona Yerusalemu tena kwa macho yake, walioahidiwa kurudi ni watoto na wajukuu zake. Kwa hiyo moyo wako kugoma mbele ya zoezi la "andika jina lako, tamka tarehe" siuoni kama uasi wala kiburi cha shule.

Ila naona umechanganya maswali matatu ukayafanya moja. Kuna swali la andiko lenyewe, linasema nini na linasema kwa nani. Kuna swali la watu, yule dada na mume wake, na mchungaji wako. Halafu kuna la kwako wewe na zaburi zako, ambalo umelipa mistari michache mwishoni lakini kwa jinsi ulivyoliandika nadhani ndilo linalokunyima usingizi kuliko bango.

Tuanze na andiko. Ile sentensi ya mwalimu wako, kwamba maana ni moja tu ile ya wasomaji wa kwanza, mwalimu simjui na sina ugomvi naye, na kama njia ya kumzuia mtu asichezee maandiko ni sentensi nzuri sana. Lakini umeipokea kama vile nayo imeshuka kutoka Sinai. Hebu fungua Danieli 9:2. Danieli yuko huko huko uhamishoni, miaka mingi imepita, anasema alifahamu kwa kuvisoma vitabu hesabu ya miaka ambayo neno la Bwana lilimjia Yeremia, miaka sabini. Yaani ndani ya Biblia yenyewe kuna mtu anayasoma maneno ya Yeremia ambayo hayakuandikwa kwake. Hasemi hayanihusu maana waliokusudiwa ni wale wa Yekonia. Na wala hatundiki bango. Anafunga, anavaa magunia, anaungama dhambi zake na za watu wake sura karibu nzima, na jibu analopewa ni kwamba ile sabini ina mambo makubwa ndani yake kuliko alivyofikiri, majuma sabini. Huyo ni msomaji wa pili wa maneno yale na aliyasikia yakiongea na yeye, bila kuifuta ile miaka.

Au Mathayo. Mathayo 2:15 anasema mtoto Yesu alipelekwa Misri ili litimie neno, "Kutoka Misri nalimwita mwanangu." Ukienda Hosea 11:1 kuangalia, utakuta Hosea anaongelea taifa la Israeli na mambo yaliyopita, kutoka utumwani, na mstari unaofuata unalalamika walivyoyatolea mabaali sadaka. Kwa kipimo cha mwalimu wako Mathayo amefeli mtihani. Paulo naye kwenye 1 Wakorintho 10:4 anasema ule mwamba wa jangwani ulikuwa ni Kristo, na kwenye Wagalatia 4 anawafanya Hajiri na Sara kuwa maagano mawili na anakiri mwenyewe kwamba anasema kwa mfano. Sasa ukisema kusoma namna hii ni kosa, utabaki na Agano Jipya ambalo waandishi wake hawakujua kusoma Agano la Kale, na hapo sijui kanisa litasimama wapi.

Hiyo tabia ya kutenganisha kabisa "maandiko yalisema nini zamani" na "kanisa linafundisha nini leo" nayo ina historia yake. Watu wa theolojia huwa wanaitaja sana hotuba ya Johann Philipp Gabler, Mjerumani, aliyoitoa pale Altdorf mwaka 1787, akiomba theolojia ya Biblia isimame peke yake mbali na theolojia ya mafundisho. Alikuwa na sababu za msingi, watu walikuwa wanayabebesha maandiko mafundisho yao wenyewe, kama wewe unavyoona leo. Lakini kabla yake kanisa lilisoma kwa karne nyingi likiamini andiko moja linaweza kubeba zaidi ya maana moja, na wala hawakuwa wajinga, walijiwekea mipaka. Thomas wa Akwino, mwanatheolojia wa karne ya 13, alisema maana zote zijengwe juu ya ile ya maneno yenyewe, na ukitaka kujenga hoja ya mafundisho itoe kwenye hiyo tu. Na siku hizi kuna wasomi wengi tu wa vyuo vikubwa wanaosema historia ya andiko ni lazima lakini haitoshi kama unasoma ukiwa kanisani. Mtaguso wa Vatikano wa Pili mwaka 1965 uliyaweka yote mawili kwenye aya moja, chunguzeni aina za uandishi na nia ya mwandishi, halafu someni kwa Roho yule yule aliyeyaandikisha, na mkiangalia umoja wa maandiko yote. Hao ni Wakatoliki, najua kwenu labda hawanukuliwi, ila kwenye hili nadhani hata mchungaji wako angeitikia.

Kwa hiyo nikikuuliza tatizo la bango ni nini hasa, sidhani kama ni kwamba limewapa watu wa leo maneno ya watu wa zamani. Danieli alifanya hivyo. Naona tatizo ni kwamba limewapa mstari wa 11 likawanyima wa 10. Umeiona tofauti? Ukisimama kwenye la kwanza, utamwambia yule dada "huu mstari sio wako". Ukisimama kwenye la pili unaweza kumwambia ni wako, pamoja na yote yanayokuja nao. Hayo ni mazungumzo mawili tofauti kabisa, na sina hakika umeshaamua ni lipi unataka kufanya, maana barua yako inaenda huku na huku.

Halafu kuna kitu ambacho nadhani hukukiona kwa sababu ulikuwa unamtafuta Hanania. Mstari wa 6. "Oeni wake, mkazae wana na binti." Mwanangu, unataka kuwapeleka watu kwenye muktadha, sawa, muktadha ndo huo. Utaisoma sura nzima kwa sauti pale sebuleni kwako na yule dada amekaa, na kabla hujafika kwenye miaka sabini yako utakuwa umeshamsomea amri ya kuzaa. Na ukimaliza, ufafanuzi wako sahihi kihistoria unasema ahadi ilikuwa ya watoto na wajukuu. Wa nani? Sikuambii haya ili uogope kuisoma sura. Nakuambia kwa sababu naona umeamini kwamba notsi zinaumiza na muktadha unaponya, na sio lazima iwe hivyo. Muktadha nao ukirushwa tu unaweza kumpasua mtu.

Mke wako na yule mzee na "andiko huua" yao, nicheke kidogo hapa. Huo mstari upo 2 Wakorintho 3:6 na Paulo pale anaongelea agano lililochorwa kwenye mawe na agano jipya la Roho, haongelei vyuo vya theolojia. Kwa hiyo umekatazwa kuangalia muktadha kwa mstari uliotolewa kwenye muktadha. Lakini usiende kumwambia mkeo hivyo, tafadhali. Yeye hakuwa anafasiri Paulo, alikuwa anakuambia amemkosa mume aliyekuwa anaomba naye.

Sasa hao wawili. Unasema dada ameweka mstari kwenye kava ya simu, na umeshahitimisha kwamba anaamini atapata mtoto kabla ya mwisho wa mwaka na asipopata imani itavunjika. Inawezekana kabisa. Ila umemuuliza? Watu wanaoshika mstari mmoja miaka mingi huwa wanajua mambo ambayo sisi wenye notsi hatujui, wengine wanaushika kama mkataba, wengine ndo kitu pekee kinachowafanya waamke asubuhi na wala hawana tarehe. Na yule mume aliyekuwa anaangalia chini, mimi huyo ndo kanishika roho, kwa sababu huenda yeye ameshausoma mstari wa 10 peke yake na hana mtu wa kumwambia. Labda kabla ya somo lolote kuna ziara ya kwenda kuwaona, wewe na mke wako, bila Biblia ya kufundishia. Hatari yake ipo, wanaweza kuona wanachunguzwa, na ukienda ukiwa umejaza majibu watakusikia tu.

Mlangoni usiende na andiko la kubadilisha, kwamba nawanyang'anya hili nawapa hili. Lakini uwe nalo moyoni, kwamba Isaya 56 Mungu anawaahidi matowashi (wanaume waliohasiwa, wasioweza kuzaa) ndani ya nyumba yake "ukumbusho na jina, lililo jema kuliko kuwa na wana na binti". Na yule towashi wa Matendo 8, aliyekuwa garini anasoma Isaya asielewe, Filipo akamuuliza yamekuelea unayosoma, alikuwa kwenye sura ya 53. Akiendelea kidogo tu kwenye gombo lile lile anakutana na ahadi ya watu kama yeye. Luka hatuambii kama alifika. Mimi napenda kuamini alifika.

Upande wa mchungaji. Umesema mapema kabisa kwamba humchukii, na nimeamini, ila barua yako ina huzuni ya mtoto aliyegundua baba yake anaweza kukosea. Hiyo huzuni jiangalie nayo, kwa sababu inaweza kukufanya umwendee kama hakimu, au isikufanye umwendee kabisa. Kuna pale Matendo 18:26, Apolo anahubiri kwa ujasiri na kuna kitu kinapungua kwenye mafundisho yake, Prisila na Akila wanamsikia, wanamchukua kwao wanamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hawakumkatiza sinagogini na hawakunyamaza. Ni njia mojawapo. Ila nisikudanganye kwamba hali yenu ni sawa, Apolo alikuwa mgeni na wao ndo walikuwa wazoefu, wewe unamwendea aliyekubatiza. Anaweza akakusikiliza vizuri. Anaweza pia akasema chuo kimekuharibu na seli ukanyang'anywa, na hilo ulikubali mapema kama jambo linalowezekana. Ukienda, mimi ningeanza na swali la kweli na sio mtego: mchungaji, huu mstari wa 10 wewe huwa unawaelezaje watu? Huenda ana jibu. Amezika watu wengi kuliko wewe na mimi, usidhani hajawahi kukutana na miaka sabini.

Angalia na Yeremia mwenyewe alivyofanya, nashangaa hukulitaja maana ulikuwa hapo hapo sura ya 28. Hanania anatabiri miaka miwili mbele ya watu wote, na neno la kwanza la Yeremia ni "Amina", Bwana na afanye hivyo. Kisha anasema lake. Hanania anamvua nira shingoni anaivunja, na maandiko yanasema Yeremia akaenda zake. Tu. Baadaye ndo anarudi na neno kali. Kwa hiyo ile amina uliyomjibu yule dada huku huna cha kusema, sidhani kama unatakiwa kujilaumu nayo, mtu anaweza kuitamani ahadi iwe kweli kabla hajasema anachokijua.

Zile njia zako tatu basi. Kufundisha notsi kama zilivyo kunakuhifadhia amani na ofisi, na watu hawatagundua, ila wewe utagundua kila wiki, na huyo dada akija kwako mwezi wa mwisho wa mwaka utakuwa mmoja wa waliomtamkisha. Kuwaambia watu ukweli liwalo na liwe, lile "liwalo na liwe" lako ndo linanitia wasiwasi, kwa sababu hapo wanaseli wanageuka uwanja wa vita kati yako na mimbari, na hakuna aliyewaomba ruhusa. Kujiuzulu kwa kisingizio cha kazi kutakupumzisha, na pengine unahitaji kupumzika kweli, lakini seli itapewa mtu mwingine na notsi zile zile, na kisingizio utaanza kukitetea mpaka kwa mkeo. Katikati ya hizo kuna vinjia vidogo vidogo. Unaweza kuomba ofisini seli isome sura ya 29 yote kabla ya kuingia kwenye notsi, na usiku huo huo msome Zaburi ya 137, kando ya mito ya Babeli ndiko tulikoketi, tukalia. Ni watu wale wale, uhamisho ule ule, wengine wanaambiwa pandeni bustani na wengine wanalia hawawezi hata kuimba, na vyote viwili ni Neno la Mungu. Lile zoezi la kuandika jina unaweza kuomba liwe la kuandika ombi badala ya tarehe. Wanaweza kukukatalia. Hapo utakuwa na uamuzi mgumu zaidi lakini utakuwa umeshaongea na mtu.

Na kuna maneno ya Augustino, askofu wa Hipo, aliyoyaandika karibu mwaka 397 ambayo nimeyafikiria sana nikikusoma. Alisema mtu anayedhani ameyaelewa maandiko lakini uelewa wake haujengi upendo wa Mungu na wa jirani, bado hajayaelewa. Halafu akaongeza, anayekosea maana lakini akajenga upendo ni kama mtu aliyeacha barabara akakatiza shambani akafika kule kule. Wengi huwa wanaishia hapo wanafurahi. Augustino haishii hapo, anasema mtu huyo arekebishwe, aonyeshwe kwamba kukaa barabarani ni bora, asije akazoea kukatiza akapotelea mbali. Upande mmoja unamtetea mchungaji wako na upande mwingine unakutetea wewe, na sijui ni upande gani ulihitaji kuusikia zaidi leo.

La mwisho, zaburi zako. Unauliza kama mtu akishajua anaweza tena kusikia. Karl Barth, mwanatheolojia wa Uswisi, alisomea huo uchambuzi wa kihistoria kwa walimu wakubwa kabisa wa Ujerumani, halafu akapelekwa kuwa mchungaji wa Safenwil, kijiji cha wafanyakazi wa viwanda huko kwao, ikabidi kila Jumapili apande mimbarini aseme kitu. Alipotoa ufafanuzi wake wa Warumi mwaka 1919 aliandika kwenye utangulizi kwamba akilazimishwa kuchagua kati ya uchambuzi ule na fundisho la zamani la uvuvio (kwamba maandiko yameandikwa kwa pumzi ya Mungu) angechagua uvuvio, ila anafurahi kwamba halazimiki kuchagua. Kwa hiyo hauko peke yako na sio wa kwanza. Nina shaka pia kama ni elimu ndo iliyokukausha. Nikikusoma naona kila andiko unalofungua siku hizi ni la kufundisha, la kufanyia asaimenti au la kukamatia kosa. Mara ya mwisho kusoma kitu ambacho hutamwambia mtu yeyote ilikuwa lini? Chagua zaburi fupi, weka daftari chumba kingine, na mwombe mkeo aisome yeye kwa sauti wewe usikilize. Maswali ya kabla ya uhamisho au baada yatakuja, yaache yaje, hayana dhambi, yatapita. Ukavu unaweza usiishe wiki hii wala mwezi huu, na mwenye zaburi ya 88 aliomba mpaka mstari wa mwisho bila kupata mwanga, na ikawekwa humo humo kwenye kitabu cha maombi.

Nina maswali mawili ambayo barua haikuniambia. Mchungaji wako anajua kwamba unasoma theolojia, na alikupokeaje ulipomwambia? Na mkeo, ukiacha yale maneno ya "kuua imani", yeye mwenyewe huo mstari wa 11 anauelewaje? Ukiweza nijibu kabla hamjaanza somo la pili, maana hapo ndo naona pamebana.